Kura ya Chai

Tangu mkewe afariki, hapakuwa na mtu mtaani aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Katibu, basi. Watoto waliopita na baiskeli walimwamkia Katibu, mlinzi wa lango kuu alimsalimu Katibu, na fundi bomba aliyekuja kumzibulia sinki la jikoni alimhifadhi kwenye simu yake kwa jina la "Katibu Sinki". Binti yake, aliyeolewa mbali, alimwita Baba, lakini hiyo ilikuwa kwa simu, kila Jumapili, na sauti yenyewe ilikuja ikikatikakatika.

Hata cheo hicho hakukigombea. Chama cha wamiliki wa nyumba kilipoanzishwa, mtu aliuliza ukumbini nani ana mwandiko unaosomeka, na mkewe, aliyeketi kando yake, akamshika kiwiko akamnyanyulia mkono juu. Watu wakacheka, wakampitisha palepale. Mkewe alimjua vizuri: mume wake alikuwa mtu wa kujifungia, asiposukumwa hatoki. Sasa msukumaji hayupo, na yeye hakutoka.

Kwa kazi alikuwa fundi wa lifti hadi alipostaafu. Alizeeka ndani ya majumba ya watu wengine, kwenye mashimo ya giza na grisi, akiwasikia watu wakicheka upande wa pili wa ukuta. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata siku moja: lifti haibebi mtu kabla haijabeba mifuko ya mchanga. Unaipakia mifuko, unaipandisha, unaishusha, unatega sikio. Ukiridhika, ndipo unamwita binadamu.

Sasa, Mwenyekiti wa chama alikuwa daktari wa meno, mwanamke wa sauti ya kuamuru, aliyezoea kuzungumza na watu wasioweza kumjibu. Muda wake wa uongozi ulikwisha zamani, lakini alibaki, wala si kwa uchu wa madaraka. Alikosa tu wa kumwondoa. Kila wakiitisha uchaguzi akidi haitimii. Wenye nyumba waliona uvivu kutoka sebuleni kwao mpaka ukumbi wa chama, safari ambayo kobe angeimaliza kabla chai haijapoa.

"Nimechoka kuongoza viti vya plastiki," alimwambia Katibu siku moja, amesimama getini na ufunguo wa gari mkononi. "Kaka yangu, tafuta huo mfumo wa kupigia kura mtandaoni. Mtu apige kura akiwa kitandani, akiwa safarini, akiwa chooni akitaka, mimi sijali. Ninachotaka ni mtu wa kumkabidhi mzigo."

"Karibu ndani tulizungumze, dada. Nimeinjika chai."

"Nina mgonjwa nimemwacha mdomo wazi. Wewe fanya tu. Si ndiye fundi?"

Akaingia garini, akaenda zake. Katibu akarudi ndani akanywa chai ile peke yake, na birika lilikuwa kubwa.

Lakini alifanya. Alikaa mbele ya kompyuta aliyoachiwa na binti yake, miwani puani, akajifunza mfumo kama alivyojifunza mota za lifti, kwa kuufungua na kuufunga mpaka ukamtii. Nyumba moja, kura moja. Kila mwenye nyumba atapata ujumbe kwenye simu, ndani yake kiungo cha kubonyeza na namba ya siri. Kura ni ya siri kabisa. Hata yeye anayeusimamia mfumo ataona idadi tu, hataona nani kampa nani.

Kazi ngumu ilikuwa kusajili watu. Nyumba moja ilirithiwa na ndugu watatu wasiosalimiana, na kila mmoja alidai kura ni yake. Bwana mwingine alikuwa na nyumba mbili, akaona basi angepewa na kura ya tatu kwa heshima. Bibi mmoja alituma namba ya simu yenye tarakimu pungufu, akaapa ndiyo aliyoitumia siku zote. Katibu aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwa upole. Na nikwambie ukweli, alifurahi. Simu iliyokaa mezani kimya kama chombo cha mapambo sasa ililia tangu asubuhi. Katibu, hakifunguki. Katibu, namba imepotea. Katibu, mbona mimi sijapata? Aliwatatulia, kisha akaongezea, "Hamjambo lakini huko nyumbani?" Wao walimrudishia picha ya dole gumba, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mfumo ulipokuwa tayari, alimpigia Mwenyekiti simu. "Kabla ya uchaguzi wenyewe tufanye majaribio. Tuwape swali moja jepesi wabonyeze, tuone kama linafika na linarudi."

"Mifuko yako ya mchanga," Mwenyekiti akacheka. "Haya. Uliza chochote."

"Nilifikiria niulize, mvua au jua, wanapenda kipi."

"Thubutu! Hawa watagombana mpaka kesho. Uliza kitu ambacho hakina ubishi."

Katibu akakaa jikoni akifikiri kitu kisicho na ubishi. Mezani palikuwa na kikombe kimoja, kijiko kimoja, na kile kiti cha pili ambacho alikuwa amekigeuza kuwa mahali pa kuwekea magazeti. Akaandika: "Je, utakuja kunywa chai nyumbani kwa Katibu Jumapili alasiri?" Chini yake akaweka majibu mawili, Nitakuja na Sitakuja. Akajicheka. Akasema, ni majaribio tu, hakuna ubaya. Halafu akabonyeza kutuma upesi, kabla aibu haijamfikia.

Mwenyekiti naye aliandika kwenye kundi la simu la wamiliki: "Ndugu zangu, mmepata swali la majaribio. Bonyezeni tu, tuone kama mfumo unafanya kazi."

Wakabonyeza. Jamani, walibonyeza! Watu walioshindwa kuvuka barabara kuja ukumbini walibonyeza wakiwa kazini, wakiwa kwenye foleni ya benki, na mmoja alijisifu kwamba kabonyeza akiwa kwa kinyozi. Katibu aliitazama idadi ikipanda kwenye kioo, na moyo nao ukapanda nayo. Jioni ile matokeo yalikuwa haya: Nitakuja, arobaini na moja. Sitakuja, moja. Waliobaki hawakupiga.

Mfumo umekubali, aliandika kwenye kundi. Wakampigia makofi ya picha, na mmoja akatania, "Katibu andaa sukari, ahadi ni deni!"

Kwa kawaida mtu ukimpa arobaini na moja, ataenda kulala na ile moja. Katibu hakuwa tofauti. Ile Sitakuja ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ni nani huyo? Amemkosea nini? Wenzake wote wamekubali, yeye anakataa kikombe cha chai, tena cha bure! Alishuku nyumba hii, akashuku ile, na mwishowe akaamua ni yule ndugu wa tatu wa nyumba ya urithi, kwa sababu alikuwa na uso wa mtu wa kukataa vitu.

Zile arobaini na moja hazikumtia shaka sana, na hapo ndipo akili yake ilipoteleza. Alijua ni majaribio. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe. Lakini alijiambia kwamba hata kama ni mzaha, katika watu wote hao hawakosi kumi waliomaanisha. Ukiwatoa wasahaulifu, watano. Akapanga na Mwenyekiti kura yenyewe ifunguliwe Jumapili hiyohiyo saa kumi na moja, ili atakayekuja kunywa chai apige kura palepale, na mwenye shida na simu yake asaidiwe. Ilionekana busara. Mwenyekiti akasema sawa, bila kuuliza chai ipi.

Jumamosi alitoa vikombe vya wageni kabatini, vile ambavyo mkewe hakuruhusu viguswe siku za kawaida, akaviosha vumbi kimoja kimoja. Alinunua maziwa, biskuti na karanga, na akamwandikia binti yake habari yote ya kura ya chai. Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao yeye, kwa hiyo alibeba viti vya chama, viwili viwili kila mkono, akavipanga uani mbele ya nyumba. Mgongo ulimkanya, hakuusikiliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliotutangulia, na mwenyeji huyu alikuwa na ugonjwa wa kuponywa.

Jumapili alioga mapema, akavaa shati la mikono mirefu, akajaza chupa kubwa ya chai, akaketi kwenye kiti cha kwanza. Akahama, akaketi cha pili, maana cha kwanza kilionekana kama cha mgeni rasmi. Geti aliliacha wazi.

Gari la kwanza likapunguza mwendo. Katibu akainuka. Kioo kikashushwa, akatokeza yule bwana wa nyumba mbili, uso umemsawijika.

"Katibu! Kuna nini? Msiba?"

"Hapana," Katibu akasema. "Viti vya chama. Nimevitoa nivifute."

"Ah, umenitia hofu, mzee! Nimeona viti uani nikasema kwisha habari. Na hongera kwa ule mfumo wako. Mimi nimebonyeza hata miwani sijavaa!" Akapiga honi ya kuaga, akaendelea na safari.

Baada yake walipita watu wawili kwa miguu, wakitoka matembezini. Nao wakatazama viti, wakashusha sauti zao kwa adabu, wakapita.

Simu ikalia. Binti yake.

"Baba, vipi hiyo chai? Wamekuja?"

"Wamekuja."

"Kweli? Baba, mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasema, waliambiwa ni jaribio tu, usije ukakaa mwenyewe ukajisikia vibaya."

"Subiri," Katibu akasema, akanyoosha mkono dirishani mpaka kwenye redio, akaongeza sauti. Watu walikuwa wakibishana kuhusu bei ya mbolea. "Unawasikia?"

"Nawasikia! Wana makelele hao. Nipe mmoja nimsalimie."

"Wanakula, mama. Mtu akila hasemeshwi."

"Haya, usiwaache. Nimefurahi, Baba. Nimefurahi sana." Na sauti yake ilikuwa kweli ya mtu aliyetuliwa mzigo, na hilo ndilo lililomuuma baba mtu zaidi ya viti vyote vile. Alipokata simu alizima redio. Uani pakawa kimya, kimya kile cha nyumba ambayo hata panya wameshaihama. Katibu aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza akajiambia waziwazi: sina mtu.

"Hodi."

Alinyanyuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Getini alisimama mama wa nyumba ya kona, kandambili miguuni, anahema kama aliyekuja mbio. Mumewe alikuwa yule mzee aliyesimama katika kila mkutano wa chama kupinga hili na lile, hata watu wakamwita Pingamizi.

"Karibu, shemeji! Karibu, pita ndani, kaa popote."

"Sikai. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

"Mimi ndiye niliyesema sitakuja."

Katibu alimtazama. Siku zote hizi alikuwa amemnunia ndugu wa tatu wa nyumba ya urithi. "Lakini shemeji," akasema, "lile lilikuwa jaribio tu."

"Jaribio, na viti umeshavipanga?"

Katibu akainama kukiinua kile kiti kilichoanguka. Mama yule akafuta jasho usoni kwa kiganja.

"Nilipolisoma swali lako, nilikaa chini nikafikiri. Nikasema, mtu kaniita chai. Sijaitwa na mtu tangu mzee aanguke. Nikajiuliza nani atabaki naye nikienda, nikaona hakuna. Nikabonyeza sitakuja, na roho ikaniuma. Nikasema Jumapili nitakimbia mara moja nikamwambie mwenyewe, asije akadhani ni dharau." Akavitazama viti. "Wenzangu bado hawajafika?"

"Hawaji. Hawakulisoma, walibonyeza tu." Halafu lile neno lingine ndipo likamfika. "Mzee ameanguka? Ameanguka lini?"

"Kiharusi. Mwaka jana, kabla ya mvua."

"Sikujua, shemeji! Wallahi sikujua."

"Ulijua. Nilikuandikia ulipokuwa unasajili watu. Nilikwambia mzee hawezi tena kushika simu, kura yake ije kwangu. Ukanijibu, 'Sawa, nimebadilisha namba.'" Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemkumbusha jirani mahali alipoacha mwavuli wake.

Katibu akatafuta kiti, akashikilia egemeo lake. Alikumbuka vizuri sana. Aliubadilisha usajili ule papo hapo, tena akajipongeza kwa wepesi wake. Nyumba ya kona ilikuwa inaonekana kutoka dirisha la jikoni kwake. Mwaka mzima alikuwa ameliangalia paa lile akinywa chai na kuwahukumu majirani wasiokuja, na yeye mwenyewe mguu wake haukuvuka barabara. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Na sasa hivi yuko na nani?"

"Peke yake. Nimemkalisha na mito pande zote asianguke. Ndiyo maana nasema sikai." Alishageuka kuondoka, akasita. "Lile swali lako, shemeji, lilikuwa na majibu mawili tu. Langu halikuwemo."

"Lako lipi?"

"Njoo wewe."

Katibu aliichukua ile chupa kubwa ya chai, akatia vikombe vitatu kwenye mfuko pamoja na biskuti, akamfuata. Hakufunga hata geti.

Ndani ya nyumba ya kona palinukia dawa ya kuchua na shuka zilizopigwa pasi. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira bila sauti. Pingamizi alikuwa kwenye kiti cha mikono katikati ya mito, mdomo umevutwa upande mmoja, amekonda mpaka kola ya shati imempwaya. Ukumbini ilikuwa watu wakimwona anasimama, wanaguna wote kwa pamoja. Macho yake yalimfuata Katibu kutoka mlangoni mpaka alipokaa, na haikujulikana kama alimtambua.

"Ngoja nikae kidogo tu," alisema mkewe, akajiegemeza kwenye kochi. Kabla Katibu hajafungua chupa, alikuwa amelala, kichwa kimedondokea begani, kandambili bado miguuni. Alilala usingizi mzito wa watu wasiopokezana zamu na mtu.

Katibu akamimina chai, akaipuliza mpaka ikapoa, akamnywesha mzee kwa kijiko. Iliyomwagika kidevuni aliifuta kwa leso yake. Kwa kuwa hakujua pa kuanzia, alimweleza habari za uchaguzi. Alimweleza namna mfumo unavyofanya kazi, kiungo, namba ya siri, nyumba moja kura moja. Alimsimulia ugomvi wa ndugu watatu. Alimsimulia mpaka habari ya redio na bei ya mbolea, jambo ambalo hakukusudia kumwambia mtu yeyote. Mzee alimsikiliza bila kupinga neno.

Saa kumi na moja ilifika, simu ya Katibu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ilikuwa saa ya kufungua kura, na hakuna mwingine aliyekuwa na uwezo wa kuifungua. Aliinua mkono wa kulia kuitoa simu, mkono haukwenda. Mzee alikuwa ameushika. Mkono wake mzima, ule wa kushoto, ulikuwa umekamata kifundo cha mkono wa Katibu na kukibana, kwa nguvu ambayo hakuna aliyedhani bado anayo.

Simu iliendelea. Mwenyekiti huyo, halafu kundi zima. Katibu, mbona haifunguki? Katibu, tunasubiri. Katibu uko wapi?

Angeweza kuitoa kwa mkono wa kushoto. Hakuitoa. Kiganja cha mzee kilikuwa kizito na cha moto, na tangu siku ya maziko ya mkewe, watu walipompa mkono mmoja mmoja wakatawanyika, hakuna binadamu aliyemshika. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, ila kwa kujibana asimwamshe mama wa watu. Mzee alimtazama akilia na hakumwachia. Katibu akakivuta kiti chake karibu zaidi, kwa mguu, ili mkono ule usichoke.